Heri Ipi

Kwa siku tano Kasiani Severin aliitwa Baba Nani. Aliyeanza ni Hosiana, jirani yao wa Kihonda, fundi cherehani aliyekuwa akija kila asubuhi kumwogesha mtoto, na kufikia Jumatano mtaa mzima ulikuwa umelidaka. Muuza genge alimwita Baba Nani. Wateja waliomletea friji zao karakanani walimwita Baba Nani. Mwanzoni alicheka nao, maana jambo lenyewe lilionekana dogo. Mtoto alizaliwa Jumapili alfajiri, wa kike, kilo tatu na nusu, nywele tele kama katoka saluni. Alikuwa na kila kitu isipokuwa jina.

Jumatatu, waliporuhusiwa kutoka hospitali, mkewe Adina aliketi kitandani, akamlaza mtoto begani, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Jina utalitoa wewe."

"Mimi?"

"Si ulinieleza mwenyewe kwamba kwenu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, lakini jina linatoka kwa baba? Basi litoe. Ila liwe la Kiebrania."

Kasiani alimtazama aone kama anataniwa. Hakuwa anataniwa.

Adina alikuwa Myahudi. Watu wa Morogoro wakiambiwa hivyo walitegemea kumwona mzungu wa kuja na ndege, kumbe ni binti wa Arusha, mwenye Kiswahili cha Arusha, anayebishana bei ya dagaa mpaka muuzaji anachoka. Babu wa babu yake alitoka Yemeni akiuza ngozi. Bibi mzaa mama aliletwa kambi ya Tengeru, Tanganyika, akiwa mtoto, pamoja na wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita kuu ya pili, na wenzake walipoondoka yeye akabaki. Adina alikuja Morogoro kufanya kazi kwenye maabara ya udongo. Friji ya maabara ikaharibika, wakamwita Kasiani. Alirudi mara nne kuitengeneza, na mara tatu kati ya hizo friji ilikuwa nzima.

Walifunga ndoa bomani. Baba yake Adina, Mzee Yefeti, hakuja, na kwa mwaka mzima hakupiga simu. Mwaka wa pili alikuja mwenyewe kwa basi, akiwa na kilo mbili za kahawa, akala chakula chao, akaondoka bila kutaja yaliyopita. Tangu hapo walikuwa salama, mpaka mtoto alipozaliwa.

"Kwa nini nisiwaachie wazazi wako?" Kasiani aliuliza. "Wao ndio wanaojua majina hayo."

"Kwa sababu wazazi wangu hawasemezani," Adina alisema.

Ilikuwa hivi. Mzee Yefeti alitaka mtoto aitwe Rifka, jina la mkewe. Kwa watu wake, kumpa mjukuu jina la bibi aliye hai ni heshima isiyo na mfano. Lakini Mama Rifka mwenyewe alikuwa amelelewa na mama yake wa Kipolandi, na kwao kumpa mtoto jina la mtu aliye hai ni kumwita malaika wa mauti nyumbani. Malaika akija na karatasi yake iliyoandikwa Rifka, atajuaje amchukue yupi, kikongwe au kichanga? Mzee alisema huo ni ushirikina wa Ulaya. Mama Rifka alisema basi yeye ni mshirikina, na akahamia chumba cha wageni.

"Jumamosi baba anawakusanya wanaume kumi nyumbani kwake wasome Torati," Adina aliendelea. "Wawili wanatoka Nairobi, na si rahisi kuwapata tena. Hapo ndipo jina litatajwa. Kwa hiyo alijue kabla ya jua kuzama Ijumaa, maana Sabato ikishaingia hashiki simu. Kama hajapata jina, ameapa atamwita Rifka."

Kasiani alijiona mwenye bahati. Alikuwa Mkatoliki aliyesoma katekisimu, majina ya Biblia aliyajua kama anavyojua aina za kompresa. Usiku huo alichukua daftari analoandikia wateja, akaorodhesha kumi na moja bila kuinua kalamu.

Shida zilianza asubuhi, beseni la maji likiwa katikati ya chumba.

"Mpe langu," alisema Hosiana, akimmwagia mtoto maji mgongoni kwa kiganja. "La Kiebrania hilo. Mchungaji wetu alituambia."

"Ni la Kiebrania kweli," alisema Adina. "Lakini si jina, shoga yangu. Maana yake, tuokoe, tafadhali. Ni kilio."

Hosiana akamgeuza mtoto kifudifudi. "Mama alinizaa kwa siku mbili, mguu ukitangulia," alisema baadaye. "Basi alijua alichokuwa anasema."

Kasiani akaondoka na daftari lake kwenda kazini. Njiani akaanza kuona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka thelathini na minne ya maisha yake: mji mzima ulijaa Waebrania. Mwenye bodaboda kijiweni ni Yeremia. Mwalimu wa shule ya jirani ni Jonathan. Duka la nguo limeandikwa Rebeka Fashion, na Rebeka mwenyewe ni Mpare. Alipokwenda buchani akamwambia Abdulatif, mwenye bucha, kwamba anafikiria Mariamu, Abdulatif alitua kisu. "Jina zuri sana hilo," alisema. "Lakini shemeji si Myahudi? Mariamu ni letu." Mnunuzi aliyekuwa nyuma yake, mama mwenye rozari shingoni, akasema kwamba samahani, Mariamu ni wao. Kasiani alitoka na nusu kilo ya nyama, asijue Mariamu ni wa nani.

Alimuuliza Adina, "Jina la Kiebrania la Kiyahudi linatofautianaje na jina la Kiebrania la kila mtu?"

Adina alifikiri kwa muda mrefu. "Linatofautiana kwa anayeitwa," alisema, kisha akakunja uso. "Sijui, Kasiani. Sijawahi kuulizwa."

Akaona afadhali ampigie mama mkwe. Mama Rifka alipokea haraka, kama aliyekuwa ameishikilia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Soma orodha yako."

"Debora."

"Debora alikuwa shangazi wa mama. Alikufa na miaka kumi na miwili. Hapana."

"Lea."

"Lea ni dada yake Debora. Hapana."

"Hana?"

"Hana ni mama yao. Endelea."

Alisoma Ester, akasoma Mikali, akasoma Yudithi na mengine matatu. Kila jina lilikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa amekufa kabla ya wakati wake. Mama Rifka alieleza taratibu, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni. Jina la marehemu lapendeza, alisema, tena ndilo linalotakiwa, lakini liwe la mtu aliyekula chumvi nyingi akafa kitandani kwake. La aliyeuawa halipewi mtoto. Mama yake alimkataza.

"Walikufa lini hawa, mama?"

"Mwaka mmoja," alisema Mama Rifka. "Wote mwaka mmoja, wakati wa vita. Soma lingine."

Kasiani aliangalia daftari. Yalibaki majina mawili, naye hakuweza kuyasoma. Alisema mtandao unasumbua, ingawa ulikuwa mzuri, akakata simu. Alikaa karakanani kwa muda mrefu mbele ya friji ya mtu iliyofunguliwa mgongo, asikumbuke alitaka kufanya nini nayo.

Alhamisi mchana akampigia Mzee Yefeti. Hakuwa na jina bado, ila alitaka kujua angalau litatajwaje, ajaribu kulisikia kichwani.

"Ni rahisi," alisema Mzee. "Ninasema, na aitwe katika Israeli jina lake fulani, binti wa fulani. Kisha tunambariki yeye na mama yake."

"Binti wa Kasiani," alisema Kasiani, akijaribu.

"Mwanangu," alisema Mzee Yefeti, "nisikilize na usiumie. Hapo husomwa jina la baba akiwa mmoja wetu. Asipokuwa mmoja wetu, husomwa la mama. Itakuwa binti wa Adina. Si dharau. Ni sheria, na imenikuta mimi kama ilivyokukuta wewe."

"Naam, baba."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema, naye hakuwa ameelewa. Alielewa maneno. Kwamba yeye ndiye atoe jina, na kwamba kwenye jina hilo hayumo. Mambo hayo mawili aliyageuza huku na huku jioni nzima, kama mtu aliyepewa funguo mbili kwa mlango usio na tundu. Adina alimuuliza mara tatu ana nini. Mara ya tatu akamwambia.

"Nilidhani unajua," alisema Adina kwa sauti ndogo.

"Ningejuaje?"

Mtoto akalia, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ijumaa asubuhi aliwasha pikipiki. "Nakwenda kwa mama," alisema.

"Leo?" Adina alisimama mlangoni na kanga yake. "Kasiani, saa kumi na mbili na dakika kumi mama yangu anawasha mishumaa. Simu inaingia kwenye droo."

"Nitakuwa nimepiga."

Alipita Bigwa, akapita Kiroka, barabara ikianza kupinda na hewa kupoa. Mkuyuni ilikuwa siku ya gulio, akalazimika kushuka na kusukuma pikipiki kati ya mafungu ya ndizi na mananasi. Akaiacha kwa mtu anayemfahamu, akapanda mlima kwa miguu, saa moja na nusu, viatu vikiteleza kwenye udongo mwekundu. Alipofika, jua lilikuwa limeshavuka utosi.

Mama yake, Modesta, alikuwa anaanika pilipili manga kwenye mkeka uani. Hakunyanyuka. Alipokea shikamoo yake, akamsogezea kigoda, akaendelea kutandaza kwa mkono.

"Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Hana jina."

"Nimesikia. Habari hupanda mlima haraka kuliko wewe." Akamtazama. "Na wewe una uso wa msiba."

Kasiani alimweleza yote, kuanzia Rifka mpaka wanaume kumi, na alipofika kwenye binti wa Adina sauti yake ikawa nzito. Alitegemea mama yake atakasirika. Modesta aliokota kijiti kwenye pilipili, akakitupa.

"Sasa kosa lao liko wapi?" aliuliza.

"Mama, mimi ndiye baba."

"Ndiyo. Na wewe ni lukolo ya nani, ukoo wa nani?"

"Ya kwako."

"Ya kwangu na ya mama yangu. Baba yako Severin alikuwa mtu wa Gairo, Mkaguru, akalima shamba hili miaka ishirini na sita. Hukuwahi kuwa wa ukoo wake hata siku moja. Ulimsikia akilalamika?"

"Hakuwa mtu wa kulalamika."

"Ulipozaliwa alipotea," alisema Modesta. "Siku nne. Watu wakaniambia mumeo amekimbia mtoto. Siku ya tano akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amekwenda kwao kuchukua jina. Kasiani alikuwa kaka wa mama yake, mkulima wa karanga. Mimi Gairo sijafika mpaka leo. Lakini kila nikikuita uje kula, nilikuwa naita mtu wa Gairo. Hilo lilimtosha baba yako. Au halikumtosha, sijui. Hatukuwahi kuulizana."

Kasiani alikaa akitazama pilipili. Hakujisikia nafuu.

"Nipe jina la kwetu basi," alisema.

"La mama yangu lipo," alisema Modesta, bila kufikiri, kama aliyekuwa ameliweka tayari. "Mwanaheri."

Kasiani alimkumbuka vizuri Bibi Mwanaheri: Mwislamu kama wazee wengi wa mlimani, kikongwe mdogo mwenye harufu ya mdalasini, aliyefariki akiwa na miaka tisini na kitu, amelala, baada ya kula uji. Alikula chumvi nyingi. Hakuuawa na mtu. Kasiani alisimama ghafla mpaka kigoda kikaanguka.

Mtandao ulipatikana kwenye kanisa la kigango tu, mwendo wa saa nzima juu zaidi. Alifika akihema, saa kumi imekaribia. Adina alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Mwanaheri," alisema Adina polepole, akilionja. "Zuri. Lakini si Kiebrania."

"Lina maana. Litafsiri."

"Mwana wa heri. Heri ipi?"

"Heri ni heri, Adina."

"Hapana. Kama ni baraka, tutasema Beraka. Kama ni furaha, tutasema Osheri. Kama ni wema, kuna Tova. Kama ni amani, kama ile ya kwaheri, ni kitu kingine tena. Nani alimpa jina hilo, na alitaka kusema nini?"

Neno alilolitamka maisha yake yote, kila Krismasi na kila Idi, likawa limemgeukia Kasiani kama mtu asiyemjua. "Subiri," alisema.

Akashuka mbio. Modesta alikuwa sasa anakusanya pilipili, maana wingu lilikuwa linateremka.

"Mama, Mwanaheri ni heri ipi?"

"Umepanda na kushuka mlima kuniuliza hilo?"

"Nakuomba."

Modesta alikaa chini. "Bibi yangu alizika watoto wanne," alisema. "Wa tano ndiye mama yangu. Mdogo, dhaifu, tena hakulia. Wanawake waliokuja kumwona walisikitika, lakini wakasema, mwana huyu heri kuliko mikono mitupu. Ndiyo hiyo heri. Jina likakaa."

"Kumbe ni afadhali?"

"Ni afadhali."

"Si baraka?"

"Baraka ilikuja baadaye," alisema Modesta. "Siku ile ilikuwa afadhali."

Alipanda tena, mvua nyepesi ikimpiga usoni, akijiuliza atawezaje kumwita mtoto wake wa kwanza Afadhali kwa lugha yoyote ile. Alipofika kigango, jua lilikuwa limejificha nyuma ya ukungu na hakuna aliyeweza kujua limebakiza kiasi gani. Simu ilisema saa kumi na moja na dakika hamsini na tano. Akampigia Adina, ikawa inatumika. Akapiga tena, inatumika. Akampigia Mzee Yefeti moja kwa moja.

"Nakusikia kwa mbali," alisema Mzee. "Uko wapi?"

"Mlimani, baba. Nina jina lakini sijui ni jina gani." Akamweleza kwa pumzi moja: bibi, watoto wanne waliozikwa, mikono mitupu, heri ambayo ni afadhali. "Kuna neno la Kiebrania la afadhali?"

Kwa nyuma Kasiani alisikia sahani zikipangwa, na sauti ya Mama Rifka ikiuliza jambo.

"Kiebrania cha zamani hakina," alisema Mzee mwishowe, na sauti yake ilikuwa imebadilika, kama ya mtu aliyeokota kitu chake. "Wazee wetu walipotaka kusema heri hiki kuliko kile, walitumia neno la wema tu. Wakasema, njema hii kuliko ile. Neno ni lile lile, tov. Unanielewa? Afadhali na njema, kwao ni moja. Kwa mwanamke, Tova."

"Tova," alisema Kasiani.

"Na mwenyewe hasa aliitwa nani? Yule marehemu. Nimtaje kwa—" na sauti ikakatika, ikarudi, "—jina lake?"

"Mwanaheri. Lakini baba, Adina hajakubali bado, nilitaka kwanza—"

Simu ilikuwa kimya. Akaitazama. Mtandao ulikuwa umekwenda na ukungu. Alizunguka kigango mara mbili akiinua simu juu, akasimama juu ya ngazi, akasimama juu ya tofali. Uliporudi ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Arusha simu iliita mpaka ikachoka.

Alifika nyumbani amelowa. Adina alikuwa amewasha mishumaa miwili mezani, mmoja ukielekea kuisha. Alisikiliza habari yote akiwa amemshika mtoto, na ilipofika mwisho akauliza, "Kwa hiyo anaitwa nani?"

"Nadhani Tova."

"Unadhani."

"Inategemea alisikia mpaka wapi."

"Na kama hakusikia, ni Rifka," alisema Adina. "Na mama atarudi kwao Tengeru." Akacheka, halafu machozi yakamtoka, halafu akacheka tena, na Kasiani hakujua ashike lipi.

Jumamosi yote walikaa na mtoto aliyekwisha kuitwa jina wasilolijua. Walitazamana saa nne asubuhi, wakati ambao wanaume kumi walikuwa wanasoma. Hosiana alikuja na beseni, akauliza, "Tumwiteje leo?" Adina akajibu kwamba jina limeshatoka ila liko Arusha. Hosiana aliwaangalia wote wawili, akaamua kutouliza zaidi. Kasiani alijaribu kumwita mtoto Tova kwa kunong'ona. Mtoto alipiga chafya. Akamwita Rifka, kwa kujaribu tu, naye akamtazama kwa macho makubwa, jambo lililomtia baba yake hofu isiyo na maana.

Nyota za kwanza zilipotoka na Sabato kuisha, simu iliita. Adina aliiweka sauti ya juu.

"Wanangu," alisema Mzee Yefeti, "nimefanya jambo, na limeshafanyika. Simu ilipokatika nilibaki na maneno mawili. La mwisho nililolisikia lilikuwa Mwanaheri, ndipo Kasiani akasema Adina hajakubali. Hajakubali lipi? Nililala nalo. Nikasimama mbele ya gombo la Torati nikiwa bado nimechanganyikiwa, watu wakaningoja, nikayasema yote mawili. Katika Israeli anaitwa Tova Mwanaheri, binti wa Adina. Yule mgeni wa Nairobi aliniomba nirudie, akidhani hakusikia vizuri."

Adina aliweka mkono mdomoni. "Baba, Mwanaheri si la Kiebrania."

"Najua. Sasa limeshatajwa, halirudi."

Kukawa na mkwaruzo, na sauti ya Mama Rifka ikachukua nafasi. "Kasiani. Huyu Mwanaheri alikufaje?"

"Kwa uzee, mama. Usingizini. Alikuwa amemaliza uji."

"Hakuna aliyemdhuru?"

"Hakuna."

"Alizikwa na watoto wake?"

"Na wajukuu. Mimi nilibeba jeneza."

Walimsikia akivuta pumzi, taratibu, mpaka ndani. "Basi," alisema Mama Rifka. Na baada ya muda, "Basi, vizuri."

Simu ilipokatwa, Adina alikuwa tayari anamwita mtoto Tova. Kasiani alikaa pembeni yake akijaribu kujua kama amefurahi. Jina lake halikuwepo, kama alivyoambiwa. Jina la bibi yake lilikuwa limesomwa mbele ya wanaume kumi ambao hawakulielewa, kwa sababu ya ukungu. Hakuweza kusema ameshinda wala ameshindwa, wala kama kulikuwa na mashindano. Alimchukua mtoto, akambeba mpaka alipolala.

Jumatatu Modesta alishuka mlima. Alikuja na mkungu wa ndizi na kanga mpya, akanawa mikono, akaketi kwenye kochi, wakampakatisha mjukuu.

"Mmemwita nani?" aliuliza.

"Tova," alisema Adina. "Na Mwanaheri."

"Tova ndiyo nini?"

Kasiani akaanza kueleza. Alianza na wema, akaenda kwenye afadhali, akarudi kwenye wazee wa zamani waliokuwa na neno moja kwa mambo mawili, na katikati akapotea, asijue kama ni heri inayotokana na wema au wema unaotokana na heri. Mama yake hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa ameinama juu ya mtoto, amemfunua uso, akimtazama kwa makini kama anayemtambua mtu kwa mbali barabarani.

"Shikamoo, mama," Modesta alimwambia mtoto.

Adina alimgeukia mumewe, nyusi zimepanda. "Anamwamkia nani?"

Kasiani alitaka kujibu. Aliona kwamba jibu lina njia nyingi, na kwamba hana hakika aanze na ipi. Mtoto alinyoosha mkono kutoka kwenye kanga, akashika kidole cha bibi yake, na Modesta akasubiri marahaba.